Hina ya Mshiriki wa Thelathini na Moja

Haruna Seifu hakupenda kuhoji watu kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Aliamini kwamba mtu asiyetoka jasho hudanganya kwa raha zake. Ofisi ya Daktari Hashimu, ghorofa ya tatu kule Kisutu, ilikuwa na viyoyozi viwili na vyote vilikuwa vinanguruma.

"Faili ndilo hilo," daktari alisema. "Mshiriki namba thelathini na moja. Swaumu Uledi, miaka hamsini na mbili, mkazi wa Kariakoo. Nafasi ya mwisho ya utafiti wetu ni yake. Aliyelichezea faili ni nesi wangu. Nakuomba uthibitishe tu."

"Mimi sithibitishi, daktari. Mimi natafuta."

Haruna alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi akiwa sajenti, na tangu hapo aliishi kwa kazi za watu waliotaka ukweli lakini hawakutaka defenda la polisi mlangoni. Safari hii waliomwita ni wadhamini wa utafiti wa dawa mpya ya saratani ya matiti, ile inayogunduliwa mapema. Walimpa siku mbili. Kesho saa kumi jioni faili lingefungwa na kupelekwa kwao, na lolote lisilojulikana kufikia saa hiyo lingeandikwa kuwa uzembe wa nesi.

Alianza na karatasi ya masharti, ile inayosema nani anaruhusiwa kuingia kwenye utafiti na nani hapana. Aliisoma mara mbili, kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko hati nyingi za mashtaka alizowahi kuzipeleka mahakamani. Mwanamke wa miaka arobaini hadi sabini. Uvimbe usiozidi sentimita mbili, uliothibitishwa kuwa saratani kwa kinyama kilichotolewa na sindano. Tezi za kwapani ziwe hazijaguswa. Asiwe amewahi kutibiwa saratani yoyote. Asiwe mjamzito. Aweze kufika kliniki mwenyewe kila anapoitwa. Atie sahihi kwa hiari yake. Wanawake zaidi ya mia mbili walikuwa wamebisha hodi na thelathini tu ndio waliopita. Waliobaki walipelekwa kwenye tiba ya kawaida, na bado hakuna aliyejua kama walikosa kitu au hawakukosa, maana hilo ndilo lililokuwa linatafutwa.

"Nieleze kama unamweleza mjinga," Haruna alisema.

"Tarehe nne Agosti alikuja mara ya kwanza. Uvimbe milimita kumi na nane, titi la kulia. Sindano ikachukua kinyama, maabara ikasema ni saratani. Tarehe tisa Septemba akarudi kwa vipimo vya mwisho kabla ya kuanza dawa. Altrasaundi ikaonyesha milimita kumi na moja, titi la kushoto. Kulia hakuna kitu."

"Uvimbe umehama."

"Uvimbe hauhami, Bwana Haruna."

"Najua. Nilitaka nikusikie ukisema."

Daktari hakucheka. Alifungua fomu ya Agosti na kuweka kidole juu yake. Neno *kulia* lilikuwa limekatwa kwa wino wa bluu, na juu yake limeandikwa *kushoto*, pamoja na herufi mbili: S.H.

"Sejal Harilal," daktari alisema. "Tusingejua, ila maabara ilikuwa na nakala yake, na nakala inasema kulia. Mimi naamini hiyo ziara ya pili haikuwahi kuwepo. Kaitunga ili nafasi ya mwisho ijae, halafu akasahau upande."

"Na picha ya altrasaundi je?"

"Atakuwa kachukua ya mtu mwingine."

Haruna alifungua ukurasa wa damu. Agosti, kundi O. Septemba, kundi B. Alimgeuzia daktari karatasi.

"Au basi alikuja, ila chupa zilichanganywa," daktari alisema haraka. "Asubuhi ile ya Septemba tulitoa damu kwa wanawake wawili tu, yeye na mwingine."

"Huyo mwingine ni kundi gani?"

Daktari alibonyeza kompyuta, akatafuta, akabonyeza tena. Ilichukua dakika mbili. "A," alisema.

"Basi chupa hazikuchanganywa."

Sejal alikuwa anasubiri kwenye stoo ya dawa, mahali ambapo upepo wa kiyoyozi haukufika. Haruna alifurahi. Sejal alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, macho mekundu, na alijibu kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba hana cha kuficha tena.

"Ulikata neno?"

"Nilikata."

"Kwa nini?"

"Picha ilisema kushoto. Nikajua aliyeandika kulia alikosea. Agosti mimi nilikuwa likizo, ule si mkono wangu. Nilitakiwa kuuliza kwanza. Sikuuliza."

"Nini kilikuzuia?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Na daktari akiulizwa anaona kama anagombezwa."

Hilo Haruna aliliamini bila ushahidi zaidi.

"Kwa hiyo Swaumu Uledi hujamwona kabla ya Septemba."

"Ndiyo siku ya kwanza. Alikuja na kadi yake ya kliniki na kitambulisho. Picha ya kitambulisho ilifanana naye, kama zile picha zinavyofananaga na watu."

Haruna alipitisha kidole kwenye fomu ya siku ile. Uzito, presha, joto. Kisha oksijeni, tisini na nane, na pembeni kwa mwandiko mdogo: *ndewe ya sikio*.

"Hii nini?"

"Kile kibanio cha kupima oksijeni kinabanwa kwenye kidole. Kwake kiligoma kusoma. Kucha zote kumi zilikuwa na hina nyeusi, bado ya moto, ya harusi kabisa. Nikambana sikioni. Akacheka, akasema nimemvua hereni bure."

Haruna aliandika neno hina kwenye daftari na kulipigia mstari. Katika maisha yake alikuwa amekutana na waongo wengi wa makaratasi na alijua tabia zao. Mtu anayetunga ziara ya mgonjwa hutunga uzito, hutunga presha, na hutunga kidole. Hatungi sikio. Mwanamke mwenye hina alifika Kisutu siku ile kwa miguu yake.

"Baada ya picha ulimwambia nini?"

"Nilimwambia uvimbe bado ni mdogo, asiogope, tutampigia. Alifurahi mno. Wengine ukiwaambia hivyo wanalia."

Haruna alirudi kwenye viyoyozi viwili. Alisimama, hakukaa.

"Nesi wako ana kosa la kalamu, na hilo mtamwonya wenyewe. Lakini hakutunga mtu. Damu za aina mbili, uvimbe wa pande mbili, maana yake wanawake wawili. Mmoja anajua anaumwa. Wa pili ana kitu cha milimita kumi na moja kifuani na hana habari."

Daktari Hashimu alivua miwani. "Tutampataje? Simu ya Swaumu anapokea mtu, anasema mwenyewe hawezi kuongea. Na kesho saa kumi..."

"Kesho saa kumi mkishafunga faili, hakuna atakayemtafuta tena. Nipe nakala ya picha."

Saa saba na nusu Haruna alikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu na kuingia Kariakoo. Jua lilikuwa kali na vipaza sauti vya wauza viatu vilikuwa vinashindana. Nyumba ya Swaumu Uledi ilikuwa Mtaa wa Mchikichi, moja ya nyumba chache za zamani ambazo wenyewe hawakuuza. Ilikuwa imebanwa kati ya maghorofa mawili ya maduka, na baraza yake ilikuwa imejaa maboksi ya chupa za chai ambayo bila shaka hayakuwa ya wenye nyumba. Alivuka maboksi, akasimama mlangoni.

"Hodi humu ndani."

"Karibu." Mwanamke wa miaka arobaini na kitu alitokea ukumbini, amejitanda khanga mbili. "Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Haruna Seifu, natoka kliniki ya Kisutu. Namtafuta Bi Swaumu."

Uso wa mwanamke ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. "Mimi Sitara, mdogo wake. Dada huwezi kumwona, kaka yangu. Yuko eda."

Haruna aliishusha kalamu. "Tangu lini?"

"Shemeji alifariki tarehe ishirini na nne Agosti. Mpaka mwisho wa Desemba huko."

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa."

Haruna alihesabu kimoyomoyo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani, hajipambi, hapaki manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa. Tarehe tisa Septemba ilikuwa siku ya kumi na sita. Hata kama Swaumu alitoroka kwenda hospitali, asingetoroka na hina kwenye kucha kumi.

Sitara alimwekea kiti ukumbini, mbele ya mlango wa chumba uliofunikwa kwa pazia zito la kijani. Feni ya mezani ilikuwa inazunguka. Haruna hakuwa bado amekaa vizuri pazia lilipozungumza.

"Uliza huko huko uliko, baba. Mimi niko eda, masikio yangu hayako eda."

Ilikuwa sauti nzito, ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa.

"Bi Swaumu, tarehe nne Agosti ulifika Kisutu?"

"Nilifika. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenisindikiza."

"Sindano walikuchoma upande gani?"

"Kulia. Mpaka leo nikilalia upande huo najua."

"Na tarehe tisa Septemba?"

Feni ilizunguka kwenda na kurudi. "Nilifika," pazia lilisema.

"Ulikuwa siku ya kumi na sita ya eda."

"Nimeshakwambia nilifika."

"Nesi anakukumbuka vizuri," Haruna alisema, anaandika. "Anasema ulikuwa na hina nzuri sana. Nyeusi."

"Hina!" Kitanda kililia kule ndani. "Mume wangu hata arobaini ilikuwa haijafika, mimi nipake hina? Nyinyi watu wa Kisutu mna adabu kweli? Nani huyo anayenivunjia heshima?"

"Hakuna anayekuvunjia heshima, Bi Swaumu. Aliyekuwa na hina si wewe. Basi aliyefika Kisutu si wewe vilevile."

Sitara alikuwa ameingiza mikono yote miwili chini ya khanga, jambo ambalo mtu halifanyi Oktoba ya Dar es Salaam kwa sababu ya baridi.

"Bi Sitara, naomba nione kucha."

Alisita, kisha akaitoa mikono taratibu na kuiweka juu ya magoti. Haruna alitoa rula fupi mfukoni, aliyoitumia miaka yote kupimia nyayo na mikwaruzo ya milango. Nusu ya juu ya kila kucha ilikuwa bado nyeusi. Chini, karibu na nyama, kucha ilikuwa safi. Alipima ile safi kwenye kidole cha shahada bila kumgusa.

"Milimita nne na nusu. Kucha hukua milimita tatu kwa mwezi, na chenji. Hii ilipakwa wiki sita zilizopita."

"Ilikuwa harusi ya wifi yangu, Tandika," Sitara alisema kwa sauti ndogo. "Jumamosi ya tarehe sita. Dada mwenyewe ndiye aliyesema niende, nisiwaudhi wakwe."

"Na Jumanne ukaenda Kisutu na kitambulisho chake."

"Nilikwenda kumshikia nafasi."

"Nafasi?"

"Si walisema asipofika siku ile anapewa mwingine? Mtu akiwa na dharura anashikiwa foleni na ndugu yake. Benki tunashikiana, serikali ya mtaa tunashikiana. Nikasema waniandike tu kwamba amefika, akitoka eda ataendelea mwenyewe. Sikujua kama watanipima."

"Walipoanza kupima mbona hukusema?"

"Niliona aibu. Nilishavua, mashine imeshawashwa, yule dada anahangaika na mimi kwa upole. Ningeanzia wapi?"

"Kosa ni langu," Swaumu aliingilia. "Niliyemtuma ni mimi. Niandike mimi, mdogo wangu mwache."

Haruna alifunga daftari. Alikwisha kukutana na watu waliovunja sheria kwa tamaa na kwa hasira, na hawa wawili walikuwa wameivunja kwa mapenzi tu.

"Bi Swaumu, mgonjwa aliye eda anaruhusiwa kwenda hospitali. Ni dharura. Shehe yeyote angekwambia."

"Na nani angekwenda kumwuliza shehe habari za titi langu? Wewe?"

Haruna alifungua daftari tena.

"Nafasi bado ni yako," alisema. "Ukifika kesho asubuhi mwenyewe, wakakupima upya, na masharti yakikaa sawa, unaingia. Baada ya kesho imefungwa."

"Sitoki. Wiki nane nimekaa, nimemwahidi marehemu nitamkalia eda yake yote. Siivunji kwa dawa ambayo wenyewe hawajui kama inaponya. Nikimaliza nitatafuta tiba ya kawaida. Mwambie daktari ampe mwingine, na yule nesi msimwonee."

"Nesi atapona. Na mimi sikuja kwa ajili ya nafasi."

Alimgeukia Sitara. Alikuwa amejipanga namna ya kulisema tangu Mnazi Mmoja, na sasa alipangua yote aliyoyapanga.

"Walipomaliza kukupima, walikwambia nini?"

Uso wa Sitara ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Waliniambia uvimbe bado ni mdogo, nisiogope. Nilirudi hapa mbio, nikamwambia dada: dada, wamesema bado mdogo. Tulilia wote wawili. Tangu shemeji afariki hatukuwa tumepata habari njema hata moja."

"Ulidhani wameyatoa wapi maneno hayo?"

"Kwenye faili lake."

Haruna alitoa nakala ya picha kwenye bahasha na kumwekea mapajani. Ilikuwa kijivu na nyeusi, na katikati kulikuwa na doa jeusi lisilo duara kamili, limepimwa kwa vijimstari viwili.

"Hawakusoma faili. Soma hapo juu. Tarehe tisa Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo dada yako alikuwa nyuma ya pazia hili. Na uvimbe wake uko kulia. Huu uko kushoto."

Sitara aliitazama picha. Mkono wake ulipanda kuelekea kifuani, ukaishia njiani.

"Huu si wa dada?"

"Si wa dada."

"Lakini walisema ni mdogo."

"Ni mdogo kweli. Milimita kumi na moja. Huenda ni saratani, huenda si saratani, hilo sindano ndiyo itakayosema. Lakini inabidi uende, na usichelewe. Wiki sita zimeshapita."

Haruna aliona vibaya. Miaka thelathini ya kuwapelekea watu habari za maiti haikuwa imemfundisha namna ya kumpa mtu habari za mwili wake mwenyewe. Aliangalia feni.

"Nina watoto watatu," Sitara alisema, si kwa Haruna wala kwa mtu yeyote.

Pazia la kijani lilifunguka kwa nguvu, pete mbili zikang'oka kwenye fimbo. Haruna aliona tu kitambaa cheupe na miguu mitupu, kisha akageuza uso kwenye ukuta, kama alivyofundishwa nyumbani kwao. Alisikia nyayo zikivuka ukumbi na karatasi ikichukuliwa.

"Upande gani umesema, baba?"

"Kushoto," Haruna aliuambia ukuta.

"Kliniki wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi. Sasa hivi ni saa nane na robo. Nesi Sejal yupo, nitampigia awasubiri."

"Mpigie." Kabati lilifunguliwa, buibui likakung'utwa. "Sitara. Vaa viatu."

"Dada, eda yako."

"Hiyo Mungu ataniuliza mimi, wewe hatakuuliza. Vaa viatu, twende."